Mzee wa Namba Themanini na Saba

Mzee Hezekia Andrea alipoanza kumimina chai pembeni ya kikombe, watu wa nyumbani kwake Kinyangiri walisema ni uzee. Alipoanza kuwatambua wajukuu kwa kuwapapasa vichwa, walisema nyumba ina giza. Lakini siku aliyolisalimia gunia la alizeti lililoegemezwa ukutani, akaliuliza na habari za safari, mwanawe Isaka hakucheka. Alimpeleka zahanati. Mganga akammulika macho yote mawili kwa tochi, akasema ni mtoto wa jicho, tena amekomaa, na dawa yake ni upasuaji.

Ikapita miaka miwili. Mara ilikuwa msimu wa kulima, mara barabara imeharibika, mara mzee mwenyewe anasema aliyoyaona duniani yanamtosha.

Mtoto wake wa kwanza, Agripina, ni fundi cherehani Singida Mjini, ana kibanda chake mtaa wa Utemini. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa anapiga pasi sare za shule akasikia redioni kwamba madaktari wa macho watafika mjini kwa siku tatu, watapima watu na kuwapasua katika hospitali moja hapo hapo. Aliweka pasi pembeni akampigia Isaka.

"Mlete baba. Akikataa mbebe."

Hakubebwa. Alishuka stendi siku moja kabla ya kambi hiyo ya macho kuanza, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi, na kuku wawili wa zawadi wamefungwa miguu. Agripina alimpokea, akamwamkia kwenye sikio la kulia, maana la kushoto lilikufa tangu ujanani alipougua sana, halisikii kitu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi walikuwa hospitali. Agripina alidhani wamewahi. Walikuta watu wamejaa tangu getini: wengine wametoka Iramba, wengine Ikungi, wengine mbali kule Manyoni, kila mmoja na mzee wake au mtoto wake. Wakaandikishwa. Kadi ya mzee ikachukuliwa ndani pamoja na nyingine, na kijikaratasi akapewa: themanini na saba.

Nje ya jengo la macho kulifungwa turubai, chini yake mabenchi. Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanza kwa hiyo kila mtu alitaka kukaa chini ya turubai. Agripina akapata nafasi ya mtu mmoja, akamkalisha baba yake, yeye akasimama nyuma yake.

Nafasi zingekuwa tatu. Mbili, upande wa sikio bovu la mzee, zilikuwa zimechukuliwa na begi jeusi na miguu ya mwanamume mmoja wa miaka thelathini na kitu, amevua viatu, ameegemea nguzo, ameinyoosha miguu kwenye benchi kama yuko kwake. Alikuwa anakula karanga na maganda anayadondosha chini. Simu yake ilikuwa inaongea kwa spika, sauti ya mwisho. Akimaliza kuongea na mtu, anafungua video za vichekesho. Kikiisha kichekesho, simu inaita tena. Turubai zima lilijua kwamba anaitwa Miraji, kwamba ananunua kuku vijijini na kuwapeleka Dodoma, kwamba matenga yake sita yako stendi yanasubiri lori, na kwamba dereva wa lori hilo ni mtu wa kona nyingi.

Watu walionyesha kukerwa kila mmoja kwa namna yake. Mmoja alikohoa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alihama, akaenda kusimama kwenye manyunyu. Bibi mmoja kutoka Kintinku, jina lake Sikudhani, alikuwa amekaa upande wa pili wa Mzee Hezekia. Yeye alijifunika khanga kichwani.

Ubaya zaidi ulikuwa mlangoni. Nesi alikuwa akitoka na kadi mkononi, anaita jina kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kabla ya siku kuanza, anasubiri kidogo, kisha anarudi ndani. Asiyeitika kadi yake inarudishwa chini kabisa. Walikuwa wameshapotea wawili hivyo.

Agripina akainama.

"Kaka, samahani. Punguza sauti kidogo. Hatusikii majina."

Miraji hakugeuka. "Na mimi ni mgonjwa, dada."

"Sijakataa. Nakuomba upunguze tu."

"Hapa si msikitini wala kanisani. Anayetaka ukimya akae nyumbani kwake."

Agripina ni mtu mwema, lakini mdomo wake una haraka. Akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Kuku wako wana adabu kukushinda. Ukiwauza nadhani wanashukuru, wanapumzika na kelele zako."

Watu wakacheka. Hawakucheka kidogo, walicheka kicheko cha watu waliokuwa wamejizuia tangu asubuhi, na mzee mmoja nyuma akapiga kofi pajani. Miraji akawatazama mmoja mmoja. Uso wake ukabadilika. Kisha akashika simu, akaongeza sauti mpaka spika ikaanza kukwaruza.

"Kuna nini?" aliuliza Mzee Hezekia. Alikuwa amesikia vicheko, maneno hakuyapata.

"Hakuna kitu, baba. Kaa hapa, usiondoke. Nakuja."

Hasira zilikuwa hazijamwisha. Akalizunguka jengo mpaka mlango wa nyuma, akaomba aitiwe Nesi Febronia. Huyu alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Mwaka jana Agripina alimshonea binti yake gauni la kipaimara kwa siku mbili, kazi ya wiki nzima. Febronia alitoka akiwa na glavu mkononi.

"Namba yake ngapi?"

"Themanini na saba."

"Tuko thelathini na tisa, dada Agripina. Umewaona watu waliopo hapo nje?"

"Nimewaona. Baba yangu haoni, sikio moja halisikii, halafu amekalishwa na mtu anampigia kelele kichwani. Akiitwa hatasikia. Ataachwa."

"Hapo nje wote hawaoni. Ndiyo maana wamekuja."

"Febronia. Nimewahi kukuomba kitu mimi?"

Febronia akatazama nyuma yake, kwenye korido. "Anaitwa nani?"

"Hezekia Andrea."

"Nitaangalia. Ila usimwambie mtu."

Agripina hakuona vibaya. Alipokuwa anatoka kwenye geti kwenda kwa mama lishe alijiambia kwamba anamtendea baba yake haki; kama wengine wanaweza kujinyooshea miguu kwenye benchi la umma, yeye naye anaweza kumsogezea mzee wake mbele kidogo. Akanywa chai taratibu, ili moyo utulie, akamfungia baba yake chapati mbili, akajaziwa chai kwenye chupa. Hakuwa na haraka ya kurudi kwenye ile simu. Alikaa pale karibu nusu saa.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichosikia ni manyunyu juu ya turubai. Simu ilikuwa kimya. Begi jeusi lilikuwa chini, na kwenye nafasi ya miguu walikaa yule mama wa mtoto na mzee mwingine. Miraji amevaa viatu vyake, amesimama karibu na mlango, anamtazama nesi mdomoni.

Nesi akasema jina. Miraji akageuka.

"Redempta Simeoni!" Ilikuwa sauti ya mnadani, ya mtu aliyezoea kuita kupita kelele za kuku na pikipiki. "Redempta Simeoni, yuko wapi? Mama, ni wewe? Twende, shika mkono wangu, hapa kuna tope."

Agripina akasimama na chapati zake. Akamuuliza Bibi Sikudhani kuna nini.

"Ni baba yako," alisema Sikudhani.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Agripina alipoondoka, Mzee Hezekia alinyoosha mkono akagusa mguu wa Miraji. Akasema, "Habari za asubuhi, ndugu." Miraji alitazama, akaona ni mzee, akashusha miguu kwa aibu ya kusalimiwa na mtu wa umri ule. "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia marahaba, akamuuliza ametoka wapi, kwao wazima, amekuja na nani. Miraji akajibu yote, simu ikiendelea kuongea mkononi. Kisha mzee akamwambia, "Mwanangu, mimi sioni, na sikio hili limekufa. Binti yangu ametoka. Wakiita Hezekia Andrea utanisikilizia?"

"Nitakusikilizia, mzee."

Nesi akatoka, akaita. Mzee akauliza, "Ni mimi?" Miraji hakujua, kichekesho kilikuwa kimemeza jina. Akasema nadhani siyo. Nesi akatoka tena, na mzee akauliza tena, "Ni mimi?" na Miraji tena hakujua. Safari hii akapunguza sauti. Mara ya tatu akainyamazisha simu, akaitia mfukoni, akasogea mbele ili asikie vizuri. Akarudi akasema, "Siyo wewe, mzee. Ni Raymond fulani." Ndipo Sikudhani aliyekuwa amejifunika khanga akafunua uso akasema, "Na mimi nisikilizie basi, mwanangu, Sikudhani Paulo." Yule mzee wa nyuma aliyepiga kofi pajani naye akataja lake. Ikawa kila mtu anataja jina na namba, na Miraji, ambaye kazi yake ni kukumbuka nani ana kuku wangapi kijiji gani, akawakumbuka wote.

"Baba, ulimwambiaje?" Agripina alimuuliza baba yake huku akimpa kikombe.

"Nimemwomba anisikilizie."

"Ulitaka azime simu?"

Mzee hakuelewa swali. "Simu gani? Nilikuwa sisikii majina."

Agripina akatazama chini. Alikuwa na hasira bado, lakini hakujua tena aiweke wapi. Akamtazama yule mwanamume pale mlangoni, shati limeanza kulowana bega moja, anawaita watu mmoja mmoja, na aliona vigumu kumchukia. Na hapo akakumbuka kwa nini alizunguka nyuma ya jengo. Akawaza kwenda kumwambia Febronia aache. Akawaza pia kwamba labda Febronia amesahau, siku yenyewe ina watu wengi. Akabaki amesimama.

Febronia hakuwa amesahau. Walipofika hamsini na tatu alionekana akiingia na kutoka, kisha nesi wa mlangoni akachukua kadi iliyofuata akasema jina.

"Hezekia Andrea!" aliita Miraji, na uso wake ukang'aa, maana huyu alikuwa mtu wake. "Mzee Hezekia, umefika, twende!" Akapiga hatua mbili kuja kumshika mkono. Halafu hatua zikapungua. Akasimama.

"Mzee," alisema, sauti imeshuka, "wewe si themanini na saba?"

"Themanini na saba," alisema mzee.

"Sasa tuko hamsini na nne. Hamsini na nne ni bibi hapa."

Sikudhani alikuwa ameshaanza kujikusanya khanga zake. Akaishia hapo, nusu amenyanyuka, nusu amekaa. Watu wa karibu wakageuza shingo. Wale waliosimama manyunyuni tangu alfajiri wakasogea kusikia. Mama mmoja akasema taratibu, "Haya, ndiyo yanaanza."

"Labda wamekosea," alisema Agripina.

Mzee Hezekia akageuza uso kuelekea sauti ya binti yake. Macho yale meupe hayakuona kitu, lakini Agripina anasema hakuwahi kutazamwa vile tangu akiwa mtoto. Mzee akamuuliza kwa Kinyiramba, polepole, kama anajua kilichotokea. Agripina alijua angeweza kusema hapana. Akainama kwenye sikio zima.

"Ni mimi, baba. Nimemwomba nesi ninayemfahamu."

Hakumgombeza. Alimpapasa mkono, akaupata, akaushika, kisha akaongea kwa Kiswahili kumwelekea Miraji.

"Mwanangu, mwambie nesi namba yangu bado. Amwite bibi."

Miraji hakusogea mara moja. Alikuwa anamtazama Agripina. Hakuwa mjinga, alikuwa amemwona akizunguka nyuma ya jengo, alimwona anarudi, na sasa alimwona ameinama sikioni kwa baba yake, uso umemshuka. Agripina naye alijua kwamba amejua. Alisubiri. Mtu huyu alikuwa amechekwa na turubai zima kwa sababu yake, na sasa turubai zima lilikuwa linamtazama yeye kusubiri maelezo. Sentensi moja tu ingetosha.

Miraji akageuka kwa nesi. "Sista, hii kadi imeingia katikati kwa bahati mbaya. Huyu ni themanini na saba. Anayefuata ni Sikudhani Paulo." Kisha akageukia watu, sauti ile ile ya mnadani. "Jamani hakuna shida, kadi zilichanganyika. Sikudhani Paulo! Bibi, twende."

Akamshika Sikudhani mkono, akampeleka.

Agripina alitoka nje ya turubai, akasimama kwenye manyunyu. Kisha akazunguka tena nyuma ya jengo. Febronia alipomwona alianza kujieleza. Akasema wamemrudishia kadi, amepata wasiwasi mkubwa.

"Samahani," Agripina alimkatiza. "Nilikuweka pabaya. Iache ilale mahali pake. Na asante kwa kunikubalia, lakini sikupaswa kukuomba."

Febronia akashusha pumzi. "Nenda kakae na mzee wako," alisema. "Tutawafikia tu."

Mchana ulikuwa mrefu. Mvua ikakatika, jua likawaka, turubai likawa na joto. Miraji mwenyewe alikuwa namba sabini na moja; ana kinyama kwenye jicho la kushoto kinachomkereketa kwa vumbi la matenga. Alipoitwa, alijiita mwenyewe kwa sauti, watu wakacheka, na safari hii alicheka nao. Akaingia, akatoka baada ya dakika ishirini na dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Agripina akadhani sasa ataondoka. Aliona anachukua begi lake, anatoa simu, anatembea mpaka nje ya uzio kabisa, anaongea huko huku akiizungusha mikono. Kisha akarudi, akaweka begi chini.

"Lori limeondoka," alisema kwa kila mtu na bila mtu. "Dereva alinipigia mara sita."

"Kuku je?" aliuliza mzee wa nyuma.

"Wako stendi. Nimemwomba jamaa awape maji. Kesho kuna lori lingine."

"Basi nenda ukawaangalie," alisema Agripina. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu asubuhi.

"Nilimwambia mzee nitamsikilizia."

Akarudi kusimama mlangoni. Agripina alimfuata. Hakuwa na maneno mazuri ya kuanzia.

"Kaka Miraji. Asubuhi nilikutukana."

"Ulinitukana," alisema Miraji. Akawaza kidogo. "Na mimi nilikuwa nawakera watu."

"Kwa nini hukusema? Pale kadi ilipotoka. Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Miraji alifuta jicho lake linalotoa machozi ya dawa. "Watu walinicheka asubuhi, dada. Wote. Nikajua inavyouma mbele za watu." Akamsikiliza nesi, akaliita jina, kisha akageuka. "Na mzee angesikia aibu. Yeye hakufanya kitu."

Agripina akasema asante. Akairudia, kwa sababu ya kwanza aliona haikutosha. Akampa chapati iliyobaki, na Miraji akaipokea kwa mikono miwili.

Walipofika themanini, jua lilikuwa limeinama na watu wakaanza kunong'ona kwamba madaktari watafunga, waliobaki warudi kesho. Mama mwenye mtoto, aliyekuwa themanini na nne, alianza kulia taratibu. Alikuwa ametoka mbali na hana pa kulala. Agripina akamwambia wakifunga atalala kwake Utemini, yeye na mtoto, hakuna neno. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Lakini madaktari hawakufunga. Daktari mmoja alitoka, akajinyoosha mgongo, akahesabu vichwa vilivyobaki kwa kidole, akasema, "Tunamaliza," akarudi ndani.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi nesi alifungua mlango. Hakuwahi kumaliza jina.

"Hezekia Andrea!" Miraji aliita mpaka walinzi wa getini wakageuka. "Namba themanini na saba! Mzee wangu, sasa ni wewe kweli."

Wakamshika huku na huku, Agripina mkono wa kulia, Miraji wa kushoto, wakampandisha ngazi tatu za jengo la macho. Mlangoni Miraji akamwachia. Mzee akamtafuta mkono, akamshika kichwani kama anavyowashika wajukuu wake, akamwombea baraka kwa maneno machache. Miraji akaitikia amina. Kisha akachukua begi lake akaenda stendi kuwaangalia kuku wake.

Mzee alipasuliwa jicho la kulia siku iliyofuata. La kushoto akaambiwa arudi baada ya miezi miwili. Alilala wodini usiku mmoja akiwa na bandeji, akilalamika uji hauna chumvi. Asubuhi ya siku ya tatu Febronia ndiye aliyekuja kumfungua. Alifungua taratibu, akalisafisha jicho, akanyoosha mkono mbele yake.

"Babu, vidole vingapi?"

Mzee akapepesa, akakunja uso kwa mwanga. "Vitatu," alisema. "Na kimoja kina pete."

Febronia akacheka. Mzee akageuza kichwa taratibu, akamkuta binti yake upande wa kitanda. Alimtazama muda mrefu. Agripina alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini hakuwa amejiandaa kutazamwa.

"Umefanana na mama yako siku hizi," alisema mzee. "Hata mvi zimeanzia hapo hapo."

Agripina alilia hadi Febronia akampa pamba.

Jumamosi alimsindikiza baba yake mpaka Kinyangiri, na Jumapili wakaenda kanisani wote: yeye, Isaka na mke wake, na mzee akitembea mbele na fimbo yake haigusi chini. Kila mtu alitaka kumsalimia, naye alitaka kumtazama kila mtu. Ibada ilipofika mahali pa shukrani, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Agripina akasimama.

Alishukuru kwa jicho la baba yake. Akawashukuru madaktari na manesi. Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na hapo angeweza kukaa. Neno lilikuwa limetosha. Hakukaa.

"Nashukuru na kwa mtu mwingine," alisema. "Hamumjui. Siku ile kwenye foleni nilimtukana mbele za watu, watu wakamcheka. Mimi mwenyewe baadaye nikafanya jambo baya kuliko lake. Niliwaruka wenzangu ambao nao hawaoni, tena kimya kimya, ili nisionekane. Yule mtu alijua. Angeweza kunitaja nikaaibika mimi na baba yangu. Alinisitiri. Akakaa mpaka jioni kumsikilizia baba jina, na gari lake likamwacha. Anaitwa Miraji. Mkimwombea mtu wiki hii, naomba mumwombee na yeye biashara yake iende vizuri, na jicho lake lipone."

Mchungaji akasema amina, watu wakaitikia amina, hawakupiga makofi. Agripina akakaa, moyo umekuwa mwepesi. Isaka akamsogezea mtoto wake ampakate.

Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo. Mzee Hezekia alikuwa anatazama madhabahuni, anatazama wanakwaya mstari kwa mstari, kichwa kinageuka taratibu kama mtu anayehesabu mifugo jioni. Kisha akainama kwa binti yake akanong'ona, lakini mtu mwenye sikio moja hajui kunong'ona, na benchi tatu mbele na tatu nyuma zilisikia.

"Yule mnene wa mstari wa pili ni jirani yetu Paulo? Amenenepa lini hivyo, na hakuna aliyeniambia?"

Paulo mwenyewe akashindwa kumaliza ubeti kwa kucheka.